Taa za Chini

Mume wangu alipoondoka alichukua mbwa na televisheni,
akaniachia baba yake na pikapu.
Pikapu ina miaka ishirini na miwili,
bampa limefungwa kwa waya wa uzio,
na zile taa mbili za ukungu, chini kabisa,
zilikuwa zimechoka hata kuitwa taa.

Huku Tipton ukungu hautoki baharini.
Unatoka ardhini, mvua ikikatika na upepo ukilala,
unafura kati ya milozi kama maziwa jikoni.
Wenyeji huuita ukungu wa matete,
ingawa matete yalikwisha kukatwa
kabla babu zetu hawajatoka visiwa vya Asori
kuja kukamua ng'ombe wa watu.

Zamu yangu huanza saa tisa za usiku.
Ndama mia nne hawajui neno ukungu.
Wanajua chupa.

Basi nikanunua balbu za LED. Nyeupe, bei ya kutupa.
Boksi limeandikwa: Kama Mchana.
Jumamosi nikalala chali juu ya katoni,
parafujo ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka,
ya tatu kutu tupu. Nikaitukana kwa Kireno,
lugha niliyowabakizia Mungu na parafujo.
Mzee Tiburisio kashika tochi,
anamulika kila mahali isipokuwa nilipo.
"Usiguse kioo cha balbu."
"Hizi hazina kioo, baba."
"Usiguse hata hivyo."

Nikachomeka. Giza.
Nikachomoa, nikageuza, nikachomeka tena
(hizi zina chanya na hasi, ukizikosea zinanuna)
na ukuta wa gereji ukaruka nyuma.
Mzee akaweka kiganja mbele ya taa, akangoja.
"Haina joto," akasema,
kama aliyepewa mkono na mtu asiyemfahamu.

Jumatatu nikawasha zote, za juu na za chini,
nyeupe juu ya nyeupe,
na weupe wote ukanirudia usoni:
kupiga kelele ndani ya pipa.
Sikuona boneti. Sikuona barabara.
Niliona nuru,
na nuru peke yake si kitu cha kuona.

Penye alama ya kusimama, lori la maziwa
likashusha kioo. Balkar Dhaliwal,
kilemba cha zambarau, chai mkononi.
"Dada, umenichoma macho tangu kanisani mpaka hapa."
Nikaomba radhi. Akapuliza chai.
"Ukungu ni shuka, na shuka haifiki sakafuni.
Weka za manjano. Ziinamishe zipite chini yake.
Na huko juu rudisha zako za zamani."
Akaenda. Taa zake nyekundu
zilimezwa kabla sijavuta pumzi ya tatu.

Jumatano, chaki ukutani,
pikapu hatua kumi nyuma, bisibisi robo mzunguko,
robo nyingine, nusu ya robo.
Manjano ikashuka chini ya chaki, ikatulia.
Zile nyeupe nikazilaza kwenye trei ya mayai.
Sijui nazitunzia nini.

Alhamisi mzee akataka kuja kuona ndama.
Akavaa kofia, akafunga mkanda, akanyamaza.
Tukaingia ndani ya ukungu kama kuingia ndani ya mto wa manyoya,
na mbele yetu, chini, sakafu ya manjano:
vipande vitatu vya mstari wa katikati,
kimoja kikiondoka, kimoja kikija.
Vitatu. Si mchana. Vilinitosha.

"Unaona, baba?"
Hakujibu. Akafungua mlango wake, gari likitembea,
kama walivyofanya vijana wa zamani wasiokuwa na taa za kuaminika,
akainama kwenye baridi, mkanda umemkaba,
akautafuta kwa macho mstari mweupe wa pembeni,
akaanza kunisomea:

Upo.
Upo.
Upo.