Kopo la Mama Nsimire

Miaka tisa niliuza dawa kupitia nondo za dirisha:
mkono unaingia, mkono unatoka,
"kimoja mara tatu", haya, wa nyuma asogee.
Karatasi za Kadutu yote nilizijua.
Sura, hapana.

Leo nimepanda ngazi za udongo
matope ya Bukavu yakinidai viatu.
Mama Nsimire akanitolea kopo la maziwa ya unga:
vidonge vya presha, vya miezi mitano,
vimetulia humo kama mbegu zinazongoja mvua.

"Hiki nakunywa kichwa kikigonga.
Hivi nimemgawia jirani, naye ana presha."

Nikameza karipio langu bila maji.
Nikauliza: Mama, unakula saa ngapi?
Akacheka. "Siku gani?"

Basi tukaanzia hapo, kwenye sufuria ya sombe,
kabla ya kugusa kidonge hata kimoja.
Kisha kwa kipande cha mkaa
nikachora jogoo kwenye pakiti ya asubuhi,
mwezi kwenye ya usiku.
Akautazama mwezi wangu, akasema umepinda vibaya.
Akauchora upya mwenyewe.

Tulikuwa bado tunabishana
jirani alipoingia bila hodi,
kopo lake kwapani.