Nongo

Methali nilikuwa nayo tangu darasa la tano:
maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga.
Niliifungia insha, mwalimu akaipigia mstari mwekundu, vyema.
Hakusema kuna siku nitayavulia kweli,
Kilimani, nyuma ya mkahawa wa Wakorea,
mbele ya wanawake tisa nisiowajua.

Aliyenialika ni Bi Okja, mamake mhasibu wetu.
Miaka kumi na moja tumekaa meza moja
tukishona nywele za kuvaliwa na watu wengine.
Kiswahili chake ni cha kiwandani:
haraka, bado, fumua, shona tena, pole.
Mwezi ujao anarudi kwao.
"Wewe, mimi, kuoga," alisema. "Kwaheri."

Kabati namba ishirini na saba.
Ufunguo unavaliwa mkononi kama saa.
Nikavua koti. Nikavua kilemba.
Sketi nikaikunja mara tatu, nikaikunjua, nikaikunja,
kama barua ninayoogopa kuituma.
Ya mwisho niliivua nikitazama ukuta.
Hakuna aliyenigeukia.
Hilo, nakiri, liliniuma kidogo.

Kwetu Pipeline maji huja Jumatano, usiku,
yakikohoa bombani kama mzee wa kifua.
Mtungi shilingi thelathini, na ngazi ghorofa sita.
Najua kuoga kwa majagi mawili:
moja la kulowa, moja la kusuuza,
na la kusuuza linabaki kidogo la kupigia deki.
Hapa maji yamekaa tu, yamejaa pomoni,
yanamwagika sakafuni na hakuna anayepiga kelele.
Mkono wangu, wenyewe, ukatafuta bomba la kufunga.

Nikaingia. Joto likanipanda
vidole, magoti, hadi kwenye kovu la Nasimiyu
pale walipompasulia mlango wa kutokea.
Kovu likaelea chini ya mvuke, jembamba,
kama mshono wangu wa siku ya kwanza kazini,
ule alioufumua Bi Okja.

Kisha akanilaza juu ya kitanda cha plastiki,
akavaa glavu ya kijani, kali kama ulimi wa ng'ombe,
akaanza.
Nongo zikatoka. Zikaviringika, tambi za kijivu,
mkononi, mbavuni, nyuma ya goti.
Lo! Nami nilioga alfajiri!
Nilitaka kumwambia, Bi Okja, mimi ni mtu safi,
nenda ukaulize majirani.
Akaona uso wangu. Akajisugua mkono wake mwenyewe
mpaka nao ukatoa tambi zake.
"Wote," akasema.

Mgongo wangu uliguswa mara ya mwisho na mama,
kwenye karai, kwa dodoki, nikilia povu la macho.
Baada ya hapo nimeguswa, ndiyo,
lakini na watu waliokuwa wakitafuta kitu.
Huyu hakutafuta. Alifika kati ya mabega,
pale mkono wangu haufiki,
akakaa hapo.

Akanivika glavu. Akanipa mgongo wake.
Mdogo kuliko nilivyodhani, mifupa inahesabika,
na chini ya bega la kushoto alama nyeusi, kama mbegu ya papai.
Nilisugua jinsi anavyotaka mshono:
karibu karibu, bila kuruka.
Kwa mara ya kwanza hakusema tena.

Tulikula mayai ya rangi ya chai
tukiwa na taulo kichwani, hatuna neno hata moja.

Nyumbani nikamwambia Nasimiyu, njoo nikusugue mgongo.
"Mama, umekula nini huko?"
Akacheka, akarudi kwenye simu yake.
Maji hayakuwepo hata hivyo.

Jumatatu mhasibu amepita mezani kwetu,
tai imenyooka, ametusalimu kwa jumla.
Nimeinama kwenye sindano.
Nimeijua mbegu ya papai iliyo mgongoni mwa mama yake,
na sidhani kama yeye anaijua.