Sahihisho

Nilikuwa na miaka kumi na miwili
Lemuel Stroud aliponipa aproni na kiti kirefu.
Mji wa Almira, Wisconsin: mbao, matope, kinu cha maji,
na gazeti moja la senti tatu.
Mimi mtoto wa wahamiaji wa Norwei, Kiingereza changu cha kuokoteza;
akanifundisha kusoma kinyumenyume,
herufi mojamoja za risasi, kutoka kulia,
maana kilichopinda mkononi, karatasini hunyooka.

Alipenda ugomvi wa kalamu.
Hakimu alimsema kwa mafumbo, mwenye kinu kwa uwazi.
Wasomaji walimlipa viazi, kuni, na mara moja bata mzinga hai
aliyelala chini ya mtambo hadi Krismasi,
na Krismasi ilipofika hakuna aliyekuwa na moyo wa kumchinja.

Aprili ile vita vikaja kwa waya wa simu.
Aliandika amesimama, kahawa ikapoa:
Vijana, inukeni. Kabla ya mavuno mtakuwa nyumbani.
Nikayapanga mimi maneno hayo,
kwa herufi kubwa, zile za matangazo ya mnada.
Jumatatu walijiandikisha themanini na watatu
juu ya meza yetu ya kukunjia magazeti.
Wa themanini na nne alikuwa yeye.

Wakamfanya kapteni kwa kuwa sauti yake ilifika nyuma.
Bunduki hakuijua;
upanga ulimgonga goti kila hatua, kama mtoto anayedai kubebwa.
Mkewe Lovina akabaki na gazeti, na mimi, na bata mzinga.

Barua zake zilianza ndefu, zenye mzaha:
biskuti ngumu za jeshi, nyumbu asiyetii cheo.
Kisha fupi.
Kisha moja isiyo na salamu. Majina tu.
Mwandiko haukutetemeka popote,
na hilo ndilo lililonitisha.
Dahl. Dunleavy. Dunleavy.
Dunleavy.
D kubwa tulikuwa nazo tatu.
Lovina akatwaa kisu, akachonga ya nne kwenye kipande cha mwaloni.
Ilichapika nene kuliko wenzake,
kama mdogo aliyevaa koti la kaka.

Walirudi thelathini na mmoja.
Kiti cha mhariri hakukikalia tena.
Wakamchagua karani wa kaunti, mihula sita, bila yeye kuomba kura:
hati za mashamba, vyeti vya ndoa, leseni za mbwa,
na pensheni za wajane.
Siku moja Gunhild Brekke akaingia,
akafungua Biblia, akatoa ukurasa uliokunjwa mara nne.
"Hapa umesema kabla ya mavuno," akasema. "Mavuno ya mwaka gani?"
Karani hakujibu. Alichovya kalamu, akajaza fomu yake,
akapanda treni kwenda Madison nayo, mara mbili, kwa nauli yake,
hadi mama yule akapata dola zake nane kwa mwezi.

Miaka ishirini na miwili baada ya Aprili ile
alinijia ofisini, kofia mkononi.
Gazeti lilikuwa langu sasa.
Akaweka sarafu mezani kama mteja yeyote, na karatasi:

*Sahihisho. Gazeti hili liliandika kuwa vijana
wangerudi kabla ya mavuno. Habari hiyo haikuwa sahihi.
Aliyeiandika yu hai, anaishi mtaa wa kinu.
Mlango haufungwi.*

Nikamwambia, Kapteni, nani anakumbuka?
"Nimeleta tangazo," akasema. "Sikuleta swali.
Ukurasa wa kwanza. Palepale."

Jioni ya toleo lile, mzee Dunleavy alipita dirishani kwangu
akielekea mtaa wa kinu, polepole,
gazeti kwapani, mkongojo upande wa pili.
Alichokibeba moyoni sikukijua, na hadi leo sijaambiwa.
Nikarudi kuzigawa herufi visandukuni mwao.
Ile ya mti
nikaitia mfukoni.