Dirisha la Pili, Horohoro

"Umenunua kiasi gani?"
Sikununua, bibie.
"Basi umepewa. Aliyepewa naye hutozwa."
Akaandika: baiskeli, moja, kuukuu,
kisha kalamu ikasita kwenye kisanduku cha thamani
kama mguu unaotafuta ngazi gizani.

Nyuma yangu foleni: mama wa Vanga na ndoo zake za plastiki,
kijana mwenye magunia mawili ya vitunguu.
Vitunguu vina cheti cha uasili, kimegongwa muhuri.
Foniksi ya kaka yangu haina hata kengele.

Nikamweleza. Kaka Mwinyikai alivuka na chombo hiki
mwaka ule mkonge ulipomshinda,
akaenda kutembeza mikate Lunga Lunga,
akaoa huko, akazeekea huko,
na juzi, baada ya arubaini, wifi Mwanamkasi
akaitoa ukutani, akaifuta vumbi kwa pindo la kanga,
akasema, "Ipeleke kwao."

"Kwao ni wapi?" akauliza Bi Semkiwa,
na hilo lilikuwa swali la forodha, si la msiba.

Chuma ni cha Uchina. Tandiko la Uhindi.
Spoki kumi na moja nilizikaza mimi,
Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
enzi hizo fundi mdogo ninayelipwa chai na andazi.
Mpira wa nyuma wa Mombasa,
kiraka juu ya kiraka: ubandue cha juu
ukute mkono wa fundi mwingine, na chini yake mwingine.
Sasa hapo kipi kinaingia nchini, kipi kinarudi?

Akanifafanulia, kwa upole, kama mwalimu wa jioni:
ushuru hukatwa juu ya thamani,
kodi hukatwa juu ya thamani pamoja na ushuru wake.
Nikaona thamani kwenye tandiko,
ushuru amekaa kwenye keria,
kodi amembeba ushuru mabegani,
na anayekanyaga ni mimi.

"Ila kinachorudi kilikotoka," akasema, "hakitozwi.
Nionyeshe tu kwamba kilitoka."

Nionyeshe!
Zamani ile nani alivuka akadai karatasi?
Tulikwenda mazikoni na mkeka kichwani,
tukarudi na kuku, na hakuna aliyemuuliza kuku.

Nikaipindua, kama ninavyopindua za wateja,
tandiko chini, magurudumu juu.
Mama wa Vanga akashusha ndoo zake, akasogea.
Chini ya keria, ndani ya grisi iliyoganda
kama uji wa jana,
bisibisi yangu ikagonga bati.

Kibati cha leseni. TANGA. Namba. Sabini na nane.

Mgambo walikuwa wakikamata baiskeli pale Mgandini;
Mwinyikai akaenda kulipa kabla hajakamatwa.
Nilimcheka mbele ya mafundi wote:
pesa nzima kwa kipande cha bati!
Si bora ungenunua pampu?
Hakunijibu. Alikuwa na skrubu mbili mdomoni.

Bi Semkiwa akatoka kwenye kibanda chake,
akachutama, akasugua kwa dole gumba lenye wino,
akasoma namba kwa sauti
kama anayesoma majina ya waliofaulu.
Akarudi dirishani.
Kisanduku cha thamani akakipiga mstari,
pembeni akaandika: imerejea.

Pesa niliyoicheka ikanivusha.

Nimeshaigeuza, nimeshaukunja mkono wa shati,
ndipo akachungulia tena:
"Lakini fundi, leseni hii iliisha mwaka uleule.
Tangu hapo mpaka leo..."
na vidole vyake vikaanza: sabini na tisa, themanini,

na kizuizi kilikuwa juu,
na mimi bila kengele, bila breki ya nyuma,
nilikuwa nimeshaishika barabara ya Duga Maforoni
kabla hajafika themanini na tatu.