Vidole Vitatu

Nilimpelekea tabibu Harkisan, wa Ayurveda,
hapa Malindi, nyuma ya soko la zamani,
bahasha tatu za eksirei na vyeti vya miaka kumi na mmoja.
Akaziweka kando, kama barua za mtu mwingine.
Akanishika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu,
akafumba macho, kimya,
hata nikasikia mkokoteni wa maji ukipita uchochoroni.

"Goti nimelisikia," akasema. "Usiku unakula saa ngapi?"
Nikacheka. Nimekuja na goti, ananiuliza habari za sufuria!
"Saa tano. Nikishafunika cherehani."
"Na nani?"
"Peke yangu. Jikoni, nimesimama. Tangu Shekuwe..."
Hakunihimiza nimalize.

Akanifungia tangawizi kavu, manjano,
mafuta ya ufuta ya kukandia,
na sharti moja kwa wino mwekundu:
Kaa. Kula cha moto. Kabla ya isha.

Miezi minne sasa.
Goti bado linaniamsha alfajiri, sitakudanganya,
ila siku hizi linabisha hodi kwanza.
Na ule mkeka wetu wa watu wawili
nimeukung'uta vumbi,
nimeutandika.
Nakaa upande wangu.