Kifungu cha Nne

Barua ilipenyezwa chini ya geti, Jumatatu,
muhuri wa chama cha wakazi, Buruburu.

Kuku: wasizidi sita.
Banda: hatua kumi kutoka ukuta wa jirani.
(Ua wangu wote ni hatua nane. Nimezipima
kwa viatu vya marehemu mume wangu.)
Samadi: izolewe kila siku ya pili.
Kifungu cha nne: jogoo, marufuku.

Nilicheka peke yangu.
Miaka thelathini nimepiga taipu hukumu za Makadara,
sijapata kuona methali ikigeuzwa sheria.
Jogoo la shamba haliwiki mjini:
leo ina namba, ina faini,
ina sahihi ya Bwana Wekhanya.

Nikaenda mkutanoni na hoja yangu.
Waheshimiwa, huyu si wa shamba.
Kaanguliwa jikoni kwangu, katika katoni ya sabuni,
chini ya balbu ya wati sitini.
Mahindi ayajua ya gunia tu.
Honi ya muuza maziwa ndiyo aliyojifunzia sauti.
Kifungu chenu kinamhusu mwingine!

Ukumbi ukaangua kicheko, Wekhanya naye.
Asiyecheka ni Kerubo wa nyumba arobaini na moja,
muuguzi, zamu ya usiku.
Akasema taratibu, kama anayesoma joto la mgonjwa:
“Mimi hufika saa kumi na moja.
Nikishalaza kichwa, yeye huanza.”

Hoja ikaniishia mdomoni.

Nilijaribu blanketi. Nilijaribu karatasi nyeusi dirishani.
Nikamtia stoo, gizani, kama mwali;
akawika humo humo,
na stoo ikamwongezea mwangwi.

Alhamisi nikamfunga miguu kwa utepe wa taipu,
wino wa zamani ukanichafua vidole.
Kuku mgeni hakosi kamba mguuni,
kumbe na mwenyeji anayo yake, inamngoja.
Sikumchinja. Sikumpeleka soko la Burma.
Nilimpakata hadi Kamulu, kwa binamu yangu Mbithe,
penye ekari nzima, na hakuna wa kumshtaki.

Wiki ya pili, Mbithe akapiga simu:
“Huyu jogoo wako ana nini? Anakula,
anazunguka, anatazama barabara.
Hawiki.”

Mimi bado huamka saa ile ile.
Taa ya Kerubo huwaka, hukaa kidogo, huzimika.
Ndipo natoka na kopo la mtama,
kwa ncha za vidole,
kuwafungulia mitetea wangu sita, halali.