Mkanda

Siku ya themanini leo
Mkanda hajala.

Mimi ninayepakua ubwabwa wa watu sitini
kila mchana, Tandika, nyuma ya vibanda vya mitumba,
mimi ambaye fundi Kilindo akishalamba sahani
huniambia, shemeji, mkono wako una dawa,
nimeshindwa na mdomo mmoja.

Yumo kwenye tangi lililokuwa la samaki,
chini ya meza ya cherehani,
kajiviringa kama ngata
inayosubiri ndoo isiyokuja.

Jina kampa Shomvi, mdogo wangu,
enzi zile anacheza naye ngoma Mbagala,
kamvaa kiunoni, watoto wanapiga yowe,
sarafu zinadondoka mchangani.
Kumbe jina ni kiapo.
Tulimwita Mkanda,
naye kafunga mkanda.

Nimempa panya wa Kariakoo, elfu tatu,
mweupe kama daftari jipya.
Kamtazama kama ninavyoitazama mita ya luku:
nimekuona, ila si sasa.
Nimempa kifaranga. Kifaranga kampanda mgongoni,
kalala usingizi wa pono.
Nimezima taa, nimefunika tangi kwa kanga
iliyoandikwa KULA CHAKO, CHA JIRANI KINA MWENYEWE.
Nimesema bismillahi kwa niaba yake.

Ramadhani ilipoingia, Bi Siwema mwenye nyumba
akacheka hadi mtandio ukamdondoka:
"Huyo kawazidi masheikh!
Kafunga tangu Rajabu, na futari haitaki!"
Idi ikapita. Pilau ikapita.
Mkanda yuko palepale.

Nikamtia kwenye kapu, nikaenda Vetenari.
Daktari akarudisha kiti nyuma.
"Mama, mimi ni wa kuku na mbwa."
Kisha akachungulia: macho yamegeuka maziwa.
"Huenda anataka kujivua gamba. Huenda ni baridi.
Huenda anamkumbuka mtu."
Akajikohoza. "Nyoka hawakumbuki," akasema,
akaandika kwenye karatasi: asibughudhiwe.
Elfu kumi.

Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko.
Wahenga hawakufuga chatu.

Kila Ijumaa Shomvi anapiga kutoka Maskati,
sauti inakatika kama uzi mbovu.
Swali la kwanza si hujambo.
"Anakula?"
"Anakula. Juzi kameza panya mzima,
mkia ukabaki nje kama sigara."
Anacheka, na kicheko nakisikia
kinavyogonga mbavu, hakina pa kukwama.
"Na wewe, unakula?"
"Nakula, dada. Nakula. Huku ni nyama tu."
Mtoto huyu nilimnywesha uji kwa kijiko
tangu mama alipotutoka.
Akidanganya, neno hulisema mara mbili.

Jana usiku gamba likatoka.
Zima, toka pua hadi mkia,
limebaki kwenye kona ya tangi
kama soksi ya mtu aliyeondoka kwa haraka.
Mwenyewe anang'aa, kama kapakwa mafuta ya nazi.
Nikasema, sasa.
Nikamletea panya yuleyule. Kanenepa,
mwezi mzima namlisha dagaa na ukoko,
na jina nimeshampa, hilo ndilo kosa.
Ulimi ukatoka. Ukarudi.
Ukatoka tena, taratibu,
kama mtu anayekumbuka alikoweka funguo.

Nikamtoa panya.

Usiniulize.
Nikarudi jikoni, nikakwangua sufuria,
nikakaa sakafuni na kibakuli changu,
Mkanda upande wa pili wa kioo,
simu katikati yetu.

Leo Ijumaa.
Ataniuliza, kama kawaida yake.
Nitamwambia hajala, mdogo wangu,
siku themanini hajatia kitu mdomoni,
na mimi nilikuwa nakudanganya.

Kisha nitanyamaza,
nisikie na yeye atasema nini.